Sauti za Musonoi na seva iliyojificha ndani ya simu

Mwaka jana nilikuwa nikiwarekodi wazee wa Musonoi wakisimulia maisha ya kambi zamani, kwa ajili ya kazi yangu kuhusu Kiswahili cha Kolwezi. Sikuwa na kinasa sauti. Nilitumia simu, na ndani ya simu programu ndogo aliyonitengenezea mwenzangu anayesoma informatiki: unarekodi, unampa msemaji namba, unagonga kipande cha sauti na kuandika maneno yake chini. Ilifanya kazi bila intaneti, nasi tuliifurahia hasa kwa hilo, maana mega ni ghali na umeme hukatika.

Jioni moja tulikuwa wanne chumbani, simu yangu ikiwagawia wengine intaneti. Rafiki mmoja, kwa mzaha tu, akaandika kwenye kivinjari chake anwani ya simu yangu, akaongeza nukta mbili na 8080. Ikatokea orodha ya rekodi zangu zote. Akagusa ya tatu. Tukamsikia kambo mmoja wa Musonoi akieleza nani alikuja kupima nyumba yake, alimwambia nini, na alimtajia bei gani.

Asiye wa Kolwezi huenda asielewe kwa nini nilizima simu haraka vile. Musonoi ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, na leo mashimo ya shaba na kobalti yako jirani kabisa na nyumba za watu. Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu watu kuondolewa kwa nguvu makwao hapa Kolwezi ili migodi ipanuke. Mtu akikusimulia habari za nyumba yake, anakupa kitu kinachoweza kumgharimu. Nami nilikuwa nimemwahidi kambo: sauti yako itabaki kwangu. Johannes Fabian alipofanya utafiti Kolwezi katika miaka ya 1960 kuhusu Jamaa, kundi lililoanzishwa na Padri Placide Tempels, mtu aliyetaka kusikia rekodi ilimbidi ashike ukanda wenyewe mkononi. Kwangu ilitosha kukaa chumba cha pili.

Basi nikaanza kujifunza kilichotokea. Nayaandika haya kwa sababu wengi katika kitivo chetu sasa wanakusanya sauti kwa programu za namna hii, na hakuna anayetufundisha.

Programu tuliyotumia ni programu mseto. Maana yake, sura yake yote ni kurasa za wavuti, HTML na JavaScript, zinazoonyeshwa na kivinjari kidogo kilichofichwa ndani ya programu, ambacho kwenye Android kinaitwa WebView. Ni njia rahisi: unaandika mara moja, inakwenda kwenye Android na kwenye iPhone. Shida ni kwamba kivinjari hakipendi kurasa zinazosomwa moja kwa moja kutoka kwenye faili. Hukataa kuzipa haki ambazo kurasa za kweli za wavuti huzipata. Tena, kuruka hadi dakika ya 17 ya sauti ndefu kunahitaji seva inayojua kutoa kipande cha faili bila kutoa faili nzima. Kwa hiyo watengenezaji wengi huweka seva ndogo ya wavuti ndani ya programu yenyewe. Simu inakuwa mwuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja: ukurasa unaomba, seva inajibu, na hakuna kinachotoka nje. Ndivyo inavyofikiriwa, angalau.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tarakimu nne. Seva inapoanza lazima iambiwe isikilize wapi. Ikiambiwa 127.0.0.1, inasikiliza ndani ya kifaa tu. Ikiambiwa 0.0.0.0, inasikiliza pande zote, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi ileile anaweza kubisha. Mwenzangu aliweka 0.0.0.0 kwa makusudi, ili nihamishe rekodi kwenda kwenye kompyuta bila waya, kisha tukasahau. Hatukuwa peke yetu. Januari 2019 iligundulika kwamba ES File Explorer, programu ya Android iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, ilifungua seva kwenye poti 59777 kila ilipowashwa, na mtu wa mtandao uleule aliweza kuorodhesha na kuchukua faili za simu bila kuulizwa neno.

Tukabadilisha. Mwenzangu akasema tumemaliza. Hapo ndipo lilipo kosa la pili, ambalo naliona kuwa la hatari zaidi kwa sababu halionekani.

Fikiria lupango. Nyumba tano, wapangaji watano, geti moja la barabarani. 127.0.0.1 ni kufunga geti. Watu wa barabarani hawaingii, lakini mpangaji wa nyumba ya pili anakuja mpaka mlangoni kwako akitaka, kwa sababu tayari yumo ndani. Kwenye Android kila programu yenye ruhusa ya kutumia intaneti inaweza kufika 127.0.0.1, na ruhusa hiyo hutolewa bila mwenye simu kuulizwa. Mchezo ambao mdogo wako ameupokea kwa Xender ni mpangaji. Tochi uliyopakua ni mpangaji.

Na kivinjari chako pia ni mpangaji, pamoja na kila tovuti unayoifungua ndani yake. Juni 2025 watafiti wa IMDEA Networks, Radboud na KU Leuven walionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye Android zilikuwa zikisikiliza poti za ndani ya simu, na kwamba tovuti zenye Meta Pixel zilizipelekea kitambulisho cha mtu kupitia njia hiyo, hata aliyevinjari kwa hali ya siri. Yandex ilikuwa ikifanya mambo ya aina hiyo tangu 2017. Hapo programu zenyewe ndizo zilizotaka kusikia. Lakini njia ni ileile: ukurasa wa wavuti unaongea na programu iliyomo simuni, na mwenye simu hana habari.

Labda utauliza: si vivinjari vina sheria ya kuzuia? Vinayo, ila watu wanaielewa vibaya. Sheria inasema ukurasa wa tovuti moja hausomi jibu la tovuti nyingine mpaka seva ya huko iruhusu. Haisemi kwamba ombi halitumwi. Ombi la kawaida linakwenda, seva inalitekeleza, ni jibu tu linalofichwa. Katika programu yetu kufuta rekodi kulikuwa ni kufungua anwani yenye namba ya rekodi. Tovuti yoyote ingeweza kuweka anwani hiyo kama picha, na kambo angefutika bila mtu kusoma kitu. Juu ya hayo tulikuwa tumeweka kinyota katika ruhusa, yaani seva iliwaambia wote: someni.

Tukaondoa kinyota, na kufuta kukawa ombi la aina nyingine lisilopita hivihivi. Kisha kuna ujanja mmoja unaostahili kujulikana. Mtu mwenye jina lake la tovuti anaweza kulielekeza jina hilo kwanza kwenye seva yake, na baada ya sekunde chache kulielekeza kwenye 127.0.0.1. Kivinjari kinaona jina ni lilelile, kinadhani ni tovuti ileile, kinaruhusu kusoma. Dawa yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha: kila ombi hubeba kichwa kinachoitwa Host, chenye jina ambalo mwombaji alidhani anaongea nalo. Seva ikikuta humo jina lolote lisilo 127.0.0.1 na poti yake, inakataa. Sisi wa isimu tungesema anayepiga hodi amekosea jina la mwenye nyumba.

Lakini Host haimzuii mpangaji mwenzako, kwa maana programu nyingine inaweza kuandika vichwa inavyotaka. Kwake inahitajika tokeni: neno refu la bahati nasibu linaloundwa upya kila programu inapowashwa, ambalo sehemu ya ndani ya programu inaupa ukurasa wetu tu, na seva haijibu bila hilo. Wengine hubadilisha poti kila mara wakidhani ni siri. Si siri. Poti zote ni 65,535, na programu inazijaribu zote kwa muda mfupi.

Tokeni ilitusumbua siku mbili. Ukurasa unaweza kuiweka kwenye kichwa cha ombi, lakini kicheza sauti cha HTML hakikubali kuongezewa kichwa, kinajua anwani tu. Na tokeni kuu ukiiweka kwenye anwani, itaishia kwenye kumbukumbu za makosa na kwingineko. Mwishowe ukurasa unaomba kwanza, kwa tokeni kuu, tikiti ya faili moja inayokufa baada ya dakika chache, na kicheza sauti kinapewa tikiti hiyo. Tikiti ikivuja, inavuja na rekodi moja kwa muda mfupi.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Seva inayopokea jina la faili inaweza kudanganywa kwa nukta mbili na mkwaju, ishara ya kurudi folda ya juu, hadi itoe faili ambazo hazikukusudiwa. Kasoro ya jamii hiyo ilipatikana mwaka 2018 katika kiungo cha WebView cha Ionic, kikasahihishwa katika toleo 2.2.0. Sisi tuliacha majina kabisa, seva inapokea namba na kuitafuta kwenye orodha yake. Tena, tangu Android 9 mawasiliano ya http bila ufiche yanazuiwa, na wengi wanapokuta seva yao haifanyi kazi huruhusu http kwa dunia nzima. Ruhusu 127.0.0.1 pekee.

Na swali ambalo tulipaswa kuanza nalo: je, seva inahitajika? Mara nyingi, hapana. Capacitor hukamata maombi ya ukurasa ndani ya programu na kuyajibu bila kufungua poti yoyote, na Android ina WebViewAssetLoader kwa kazi hiyo. Pasipo poti hakuna mlango wa kubisha. Kurasa zetu zote tulizihamishia huko. Sauti ndefu zilikatikakatika tulipojaribu, hivyo seva tuliibakiza kwa sauti peke yake, nayo huzimwa mara unapotoka kwenye programu. Rekodi kwenda kwenye kompyuta zinapita kwa waya.

Kabla sijarudi Musonoi tuliipima. Kutoka simu nyingine ya chumbani: kimya. Kutoka kivinjari cha simu yangu mwenyewe: imekataa. Kutoka programu ndogo aliyoiandika mwenzangu ijifanye mwizi, ikapata poti, ikakosa tokeni.

Kambo nilimweleza yote, pamoja na kwamba vijana watatu walimsikia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Sasa sauti yangu iko mu simu ya nani?” Nikasema iko kwangu peke yangu. Akataka nimchezeshee ile ya nyumba. Akaisikiliza mpaka mwisho, akasema bei aliyotajiwa niifute, yaliyobaki niyaache. Nikaifuta mbele yake, naye akanishika mkono nirudie kuicheza, ahakikishe.