Maikrofoni Mbili Mbele ya Gita Moja

Katika makambi yetu na vituo vya polisi hakosekani mtu apigaye gita. Jioni, zamu ikiisha, huketi juu ya kreti ya soda, na wenzake wakamzunguka. Vyombo vya kunasia sauti si haba siku hizi, na wengi hutaka nyimbo hizo zihifadhiwe katika sterio, yaani kwa maikrofoni mbili, moja kwa sikio la kushoto na nyingine kwa la kulia. Nia ni njema. Hatari yake sisi tuliijua kwa kuaibika.

Miaka kadhaa iliyopita tulijitwika kazi ya kurekodi nyimbo za sajini mmoja aliyekuwa akistaafu kesho yake. Tuliweka maikrofoni moja karibu na tundu la gita, na ya pili mbali kidogo, upande wa shingo. Tulipovaa vifaa vya masikioni, sauti ilitanda kama mto wakati wa masika. Tukamsifu mpigaji, na nafsi zetu pia tukazisifu. Kisha tukaucheza wimbo katika redio ndogo ya chumba cha walinzi, yenye spika moja tu. Lahaula! Noti za juu zilififia, nyingine zikatoweka kabisa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afande, gita hili mmeling'oa meno."

Sababu yake si uchawi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Maikrofoni moja ikizidi nyingine umbali kwa sentimita 35, sauti huifikia ikiwa imechelewa kiasi cha elfu moja ya sekunde. Sasa bana uzi mwembamba kuliko wote penye chuma cha 7 cha shingoni: noti hiyo hutikisika mara 494 hivi kwa sekunde, na kwake uchelewaji huo ni nusu ya wimbi. Huku wimbi linapanda, kule linashuka. Madhali kila maikrofoni ina sikio lake, hakuna ugomvi. Lakini zikichanganywa katika spika moja, huwa kama watu wawili wa nguvu sawa wavutao kamba: kamba haiendi popote.

Dawa ilikwisha kubuniwa zamani. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa sterio mwezi Desemba 1931, na humo alieleza jinsi ya kuweka maikrofoni mbili mahali pamoja, nyuso zikielekea pande mbalimbali. (Askari wenzetu wajue pia kwamba mtu huyo alikufa kazini wakati wa vita, tarehe 7 Juni 1942, ndege aina ya Halifax ilipoanguka katika majaribio ya rada.) Kwa kuwa maikrofoni ziko pamoja, sauti huzifikia kwa wakati mmoja, zinachotofautiana ni ukubwa wa sauti tu.

Usiku ule ule tukahamia bohari ya mablanketi, kwani mablanketi hunyonya mwangwi. Tukachukua maikrofoni mbili zisikiazo zaidi upande wa mbele, tukaweka kichwa cha moja juu ya kichwa cha nyingine, zikapishana kwa nyuzi 90. Tukazisimamisha sentimita 30 mbele ya gita, mkabala na chuma cha 12, moja ikitazama shingo na nyingine ikitazama kidaraja. Tundu tulilikwepa, maana hewa ya tumboni mwa gita hunguruma pale na kuzimeza nyuzi nyembamba. Hata hivyo, vipimo si amri ya jeshi. Mmoja wetu aliziba sikio moja, akainama na kusogeza kichwa taratibu mbele ya gita hadi akapata mahali pazuri kuliko pote, ndipo tukasogeza maikrofoni hapo. Kabla ya mzee kuchoka, tulijaribu wimbo mmoja katika redio ile ile ya walinzi. Haukuwa mpana kama ule wa kwanza, hilo twakiri. Lakini kila noti ilisikika.

Mzee aliomba aurudie wimbo wa mwisho, tukamruhusu. Alfajiri akapanda basi kwenda kwao.

Mwaka wa tatu binti yake alifika langoni kuomba nyimbo za marehemu baba yake. Tulimpa zote. Akazichezea pale pale kwa walinzi, katika simu yenye spika moja.