Mwanasheria na Mashine Inayoamua

Kwa miaka mingi kazi ya mwanasheria imejulikana kuwa ni kutetea mashauri mahakamani, kuandika mikataba na kuwashauri watu juu ya haki zao. Katika miaka ya karibuni limezuka tawi jipya la kazi hiyo, nalo ni usimamizi wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na kumbukumbu nyingi, kisha zikaamua mambo yaliyokuwa yakiamuliwa na binadamu. Tawi hilo linavihusu pia vyama vya ushirika, hasa vile vinavyokopesha.

Mfano ulio wazi watoka Ujerumani. Mwanamke mmoja alinyimwa mkopo kwa ajili ya alama aliyopewa na SCHUFA, kampuni inayokadiria uwezo wa watu kulipa madeni. Alipotaka kujua alama ile ilivyopatikana, alielezwa kwa jumla tu. Uzito wa kila jambo lililohesabiwa ulifichwa kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Kampuni ilidai kuwa mwamuzi ni mkopeshaji; naye mkopeshaji kwa kawaida hajui jinsi alama inavyokokotolewa. Hivyo mwombaji alikosa mkopo, na akakosa pia mtu wa kumjibu.

Shauri hilo lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 7 Desemba 2023 mahakama iliamua kwamba kutoa alama ya namna hiyo ni uamuzi wa mashine, endapo mkopeshaji anaitegemea sana. Kwa hiyo yahusika kanuni iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inayokataza mtu kuamuliwa na mashine peke yake katika mambo mazito, isipokuwa kwa masharti maalumu. Aidha, sheria ya Umoja huo juu ya akili mnemba, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2024 na kutekelezwa kwa awamu, imeyaweka makadirio ya wakopaji katika kundi la hatari kubwa.

Mwanasheria wa tawi hili hatengenezi mashine, kama vile mkaguzi wa vipimo asivyofua mizani. Lakini ni lazima ajue ya kuuliza. Kumbukumbu zilizoifundisha mashine zilitoka wapi, na wenyewe waliridhia? Je, watu wa kundi fulani wanakataliwa kuliko wengine? Ni nani mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wake? Mkataba unasemaje juu ya atakayelipa hasara? Wengi huanza na sheria za taarifa binafsi, kisha hujifunza takwimu na kufanya kazi bega kwa bega na mafundi. Ugumu mkubwa ni kwamba aliyeajiriwa na kampuni hulipwa na yule yule anayepaswa kumzuia. Ushauri wake hauna nguvu iwapo haufiki mbele ya wakuu, au iwapo hakuna chombo cha nje cha kukagua.

Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri sana usitokane na mashine peke yake. Kenya inayo haki kama hiyo katika sheria yake ya mwaka 2019.

Basi chama kinachotaka kununua programu ya kupima waombaji wa mikopo kiupeleke mkataba kwa mwanasheria kabla ya kutia sahihi, na kamati ya mikopo ibaki na neno la mwisho. Mwanachama akinyimwa mkopo, anastahili kuelezwa sababu. Katibu anayejibu kwamba kompyuta imekataa hajamjibu mwanachama wake. Amemfukuza tu mlangoni.