PRP: Kabla ulipe elfu 60 urudishiwe nywele, vua kilemba kwanza

Siku niliyogundua nywele zangu za mbele zimeenda, nilikuwa kwenye matatu ya nambari 46 nikitoka Kawangware kuelekea tao. Nikapiga selfi. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na pale juu ya masikio, mahali palipokuwa na nywele, palikuwa na ngozi tupu. Nina miaka 24. Kwetu hakuna mwanamke mwenye kipara.

Sababu niliijua, ila sikutaka kuisema. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mteja wa kudumu wa Kenyatta Market. Unajua pale: hujafika vizuri wasusi wamekuvamia, kisha watatu wanakamata kichwa kimoja ndio utoke mapema. Mimi nilipenda misuko midogo, mirefu, iliyokazwa hadi macho yanavutika. Usiku wa kwanza unalala kwa dawa ya maumivu. Nikiifumua, navaa wigi ya gundi. Kichwa hakikuwahi kupata likizo.

Basi nikafanya kile sisi wote hufanya. Nikaingia TikTok, na huko nikakutana na PRP.

Damu yako mwenyewe

PRP ni plazma iliyojaa platileti, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda ukijikata. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwa mashine kwa kasi hadi ijitenge. Chembe nyekundu zinazama chini, juu inabaki plazma ya manjano. Hiyo ndiyo unadungwa kichwani, sindano ndogo ndogo nyingi. Platileti hutoa protini zinazosaidia mwili kujiponya, na wazo ni kwamba protini hizo huamsha mizizi ya nywele iliyolala.

Nilienda kliniki moja Kilimani. Sofa safi, maji ya ndimu, msichana wa mapokezi mwenye sauti tamu. Vikao vitatu, kimoja kila mwezi, elfu 60. Hakuniambia kwamba baada ya hivyo vitatu watu wengi hurudi kudungwa tena kila baada ya miezi kadhaa ili matokeo yasipotee.

Nilikuwa na elfu 58 kwa simu. Hizo ni pesa nilizokuwa naweka tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nilikuwa nimejiapia sitazigusa. Nikalipa elfu tano za kushika nafasi.

Jioni binamu yangu, ambaye ni nesi, akaniuliza swali moja tu: "Nani amekuangalia kichwa?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na kilemba tangu niingie hadi nitoke. Hakuna aliyeniambia nikivue.

Kuna upara na upara

Wiki iliyofuata nilipanda ngazi za jengo moja katikati ya jiji kumwona daktari wa ngozi. Alinimulika kwa kifaa kama tochi yenye lenzi, akauliza kuhusu misuko, uzazi, chakula na dawa ninazotumia. Akaagiza nipimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma na shida ya tezi ya shingo pia hukatika nazo nywele.

Kisha akanieleza. Wangu ni upara wa kuvutwa. Si laana ya nywele zetu: uliandikwa na madaktari mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza. Ukiuwahi, nywele hurudi. Ukichelewa, mzizi hufa na kovu huchukua nafasi yake. Upande wangu wa kulia bado kuna vinyweleo. Upande wa kushoto kuna sehemu laini inayong'aa, haina hata vitundu. Hapo, akasema, hata nidungwe damu ya ukoo mzima hakuna kitakachoota.

PRP yenyewe si utapeli. Utafiti mwingi umefanywa kwa upara wa kurithi, ule wa mabroo ambao laini ya mbele inarudi nyuma na utosi unapungua, na wengi wao hupata nafuu wakianza mapema. Lakini kila kliniki hutayarisha plazma kivyake, ndio maana matokeo hayafanani. Kwa upara wa kuvutwa, ushahidi ni mdogo.

Ushauri wake kwangu ulikuwa wa bei nafuu: acha kukaza, acha gundi, paka minoksidili. Hiyo ni dawa iliyoanza kama tembe za presha kabla ya watu kuona inaotesha nywele. Kama una mimba au unanyonyesha, usiiguse kabla ya kuongea na daktari.

Sindano si mchezo

Kuna jambo jingine. Mwaka 2024, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kudungwa PRP usoni kwenye spa moja ya New Mexico iliyokuwa haina leseni. Kwa hivyo ukiamua kudungwa, tafuta jina la daktari na la kliniki kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari hapa Kenya. Hakikisha sindano na mirija inafunguliwa ukiona, na damu yako imeandikwa jina lako.

Ni miezi mitano sasa. Kulia kumeota vinywele vyembamba kama vya mtoto. Kushoto hakuna kitu. Zile elfu tano hazikurudi, ila 53 zilizobaki bado hazitoshi karo, kwa hivyo naendelea kuweka.

Kenyatta Market bado naenda. Nikikaa tu, kabla mtu aguse kichwa, nasema: "Dada, usikaze." Akiniambia haitashika, naamka.