Injini ya Trekta Ndogo Ikipata Moto Kupita Kiasi

Mkulima, ikiwa una trekta ndogo ya kukusaidia katika shamba lako la skimu, huenda umepata kuona shida hii. Asubuhi injini inawaka vizuri na kuvuta kwa nguvu. Ifikapo saa nne nguvu zinapungua, unasikia harufu ya rangi inayoungua, na injini inaanza kugonga. Ukiizima, inaendelea kunguruma kidogo kabla ya kunyamaza. Hizo ni dalili kwamba imepata moto kupita kiasi. Ukizidi kuilazimisha, pistoni itashikana na silinda, na trekta italala shambani huku jirani zako wanapanda. Tena fedha ulizoweka za mbegu na mbolea zitakwenda kwa fundi.

Yafaa kwanza uelewe jinsi injini hii inavyopoa. Haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa upepo. Gurudumu zito la injini lina mapanga yanayovuta upepo. Bati linalofunika injini huuongoza upepo huo upite katikati ya mapezi ya chuma yanayozunguka silinda. Upepo ukizuiwa, moto hauna pa kutokea.

Kabla ya kugusa kitu, zima injini, iache ipoe kabisa, kisha chomoa waya wa plagi. Usimwagie maji baridi injini iliyo moto, kwa maana chuma chaweza kupasuka. Halafu kagua kwa utaratibu huu:

1. Oili. Simamisha trekta mahali tambarare na upime. Oili ikipungua, vyuma husuguana na kuleta moto. Lakini usijaze kupita alama. Imwage na kutia mpya kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha injini. Kwenye vumbi jingi, fanya hivyo mapema zaidi.

2. Mapezi na bati. Hapa ndipo penye makosa ya mara nyingi. Ondoa bati, utoe nyasi, makapi, vumbi lililoshikana na oili, na hata viota vya panya. Tumia kijiti na brashi. Safisha pia wavu ambapo upepo huingilia. Kisha rudisha bati mahali pake. Wako watu wanaoliacha nje wakidhani injini itapata hewa zaidi. Sivyo: bila bati upepo hutawanyika, na silinda huzidi kuungua.

3. Petroli. Injini inayopata petroli kidogo na hewa nyingi huwa na moto sana. Jaribu hivi: injini ikiwa inafanya kazi, vuta choki kidogo. Nguvu zikiongezeka, basi petroli haitoshi. Safisha kichujio na kabureta, na ukaze skrubu ili hewa isipenye pembeni.

4. Ekzosi. Ikiziba kwa masizi, moshi wa moto hubaki ndani. Isafishe au ubadilishe.

5. Kazi unayoipa. Usilime kina kirefu mno katika udongo mgumu. Inua jembe kidogo, upite mara mbili. Na usipunguze mwendo wa injini ukidhani unaipumzisha. Mapanga yanazunguka pamoja na injini. Ikienda polepole chini ya mzigo, upepo nao unapungua. Afadhali utumie gia ndogo, injini izunguke kwa mwendo uliowekwa kiwandani. Ukimaliza, iache izunguke bila mzigo dakika mbili au tatu kabla ya kuizima.

Ukiyafanya haya yote na moto usipungue, mpelekee fundi. Huenda masizi yamejaa juu ya pistoni, au gasketi ya kichwa cha silinda inavuja, au plagi inatoa cheche wakati usiofaa. Hilo la mwisho huweza kutokea baada ya trekta kugonga kisiki kwa ghafula. Mweleze fundi yote uliyokwisha kukagua, ili usilipie kazi uliyoifanya mwenyewe.

Jiwekee desturi: kila asubuhi pima oili na upanguse wavu, msimu wa kulima ukikaribia, fungua bati na kusafisha mapezi. Ni kazi ya muda mfupi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha nyingi.