MAZIWA MABICHI: MOTO WA JIKONI HAUTOSHI PEKE YAKE

Ndugu msomaji, kama unaishi Songea, bila shaka unaifahamu sauti ya kengele ya baiskeli alfajiri. Ukungu ungali umeifunika milima ya Matogoro, na mchuuzi wa maziwa ameshapita Lizaboni, ameshapita Mfaranyaki, sasa anaelekea Bombambili na madumu yake mawili. Mlango unafunguliwa, mtoto anatoka na jagi, lita moja inapimwa, fedha zinatolewa au deni linaandikwa hadi mwisho wa mwezi. Katika biashara hiyo hakuna paketi, hakuna muhuri wala tarehe ya mwisho ya kutumia. Muhuri wake ni ujirani. Mnunuzi anamjua mchuuzi, na mara nyingi anamjua hata ng'ombe aliyekamuliwa.

Je, Serikali ina sababu gani ya kutia mkono kati ya jirani na jirani? Hilo ndilo swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja leo, kwa maana linahusu afya ya watoto wetu na pia haki ya mtu kuchagua chakula chake.

HOJA YA MNUNUZI

Wapo wananchi wasemao: "Mwili ni wangu na fedha ni zangu. Babu yangu alikunywa maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe, akaishi hadi uzeeni. Nani aje kunifundisha leo?" Hoja hiyo haifai kubezwa. Maziwa ya jirani ni rahisi kuliko ya paketi, nayo humfikia mfanyakazi wa kipato cha chini mlangoni kwake. Aidha, fedha yake haiendi mbali. Humlipia ada mtoto wa mjane anayefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, labda aliyempata kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambao umewafikia wafugaji wengi nchini mwetu. Amri ya kupiga marufuku maziwa hayo ingemnyima mtoto wa mfanyakazi kikombe chake, na kumnyima mjane riziki yake kwa siku moja.

Lakini babu tunayemtaja ni yule aliyepona. Waliokufa utotoni hawakubaki kutusimulia. Maziwa mabichi yaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humwingia binadamu kwa njia ya kinywa. Yaweza pia kubeba bruselosi, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba, na ambao kwa binadamu huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Mgonjwa wa bruselosi mara nyingi hudhaniwa ana malaria, akameza dawa ambazo haziwezi kumsaidia. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1930, inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 2,000 walikufa kila mwaka kwa kifua kikuu cha ng'ombe, na wengi wao walikuwa watoto.

Mtu mzima akiamua kunywa maziwa mabichi akijua hatari yake, ameutumia uhuru wake. Mtoto wa miaka mitatu hakuchagua. Yeye hunywa anachopewa.

SHERIA ZIMETOKA MBALI

Mataifa mengi yamepita katika mjadala huu. Mji wa Chicago, nchini Marekani, ulitunga sheria mwaka 1908 ya kutaka maziwa yachemshwe kwa kipimo kabla ya kuuzwa. Mwaka 1987 Serikali kuu ya Marekani ilikataza maziwa mabichi yanayokusudiwa kunywewa yasiuzwe kutoka jimbo moja hadi jingine. Scotland ilikataza kabisa uuzaji wake mwaka 1983, lakini England jirani yake imeuruhusu, mradi mfugaji amuuzie mnywaji moja kwa moja na kumpa onyo. Hivyo hata watu wa kisiwa kimoja hawakukubaliana.

Hapa kwetu, Bunge lilitunga sheria ya maziwa mwaka 1965. Mwaka 1975 likaundwa shirika la umma la TDL, ambalo viwanda vyake vilisindika maziwa ya wafugaji na pia maziwa ya unga ya msaada kutoka nje. Shirika hilo lilidhoofika, na katika miaka ya 1990 viwanda vyake vikaingia katika ubinafsishaji. Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa, iliyounda Bodi ya Maziwa Tanzania na kuweka utaratibu wa kuwasajili wazalishaji, wasafirishaji na wasindikaji. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Pamoja na hayo yote, sehemu ndogo tu ya maziwa ya nchi hii hupita kiwandani. Mengi hupita kwenye baiskeli.

KAZI YA SUFURIA

Kwa kuwa mambo ndivyo yalivyo, mlinzi wa kwanza wa afya ya nyumba yako ni sufuria. Kiwandani, vijidudu vya magonjwa huuawa kwa kuyapasha maziwa moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Jiko lako la mkaa huvipita vipimo hivyo kwa urahisi. Ni kweli kwamba katika nyanda zetu, zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo bado linatosha na kuzidi.

Yachemshe maziwa hadi yainuke, ukikoroga ili yashike moto yote, kisha yaache yaendelee kuchemka kwa dakika moja au mbili. Yafunike, uyapoze kwa kuitia sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Usiyarudishe katika chombo kilichobeba maziwa mabichi kabla ya kukiosha kwa sabuni na maji ya moto. Ukipenda mtindi, chemsha kwanza, poza, ndipo utie chachu. Wengi hudhani kwamba uchachu wa mtindi huua kila kitu. La hasha! Uchachu hupunguza nguvu za vijidudu vingi, lakini vya bruselosi na vya kifua kikuu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Wapo wanaohofia kwamba moto huharibu lishe. Vitamini chache hupungua kidogo, lakini protini na madini yanayojenga mifupa ya mtoto hubaki.

MAMBO AMBAYO MOTO HAUYAWEZI

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye kiini cha jambo. Kama hatari ingekuwa vijidudu peke yake, tungeweza kuiambia Serikali: tuachie sufuria zetu, wewe shughulikia barabara. Lakini yapo mambo matatu ambayo hata ukichemsha kutwa hayatoki.

La kwanza ni maji. Mchuuzi asiye mwaminifu akiongeza maji katika dumu, unalipia lita moja na kupata pungufu, na mtoto anakosa lishe yake.

La pili ni dawa. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa kwa siku kadhaa, na ni wajibu wa mfugaji kuyamwaga hadi siku alizoelekezwa zitimie. Kuchemsha hakuyaondoi mabaki hayo kwa kiasi cha kutegemewa, na mazoea ya kumeza dawa kidogo kidogo yanavifundisha vijidudu usugu.

La tatu ni sumukuvu, nalo linatuhusu sana sisi wa Ruvuma. Mkoa wetu ni ghala la mahindi, na pumba zake ndicho chakula cha ziada cha ng'ombe wetu. Pumba zilizoota ukungu huweza kuwa na sumu hiyo, na sehemu yake hupita katika mwili wa ng'ombe ikaingia katika maziwa. Tulipata fundisho chungu mwaka 2016, pale watu wa Dodoma na Manyara walipopoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haifi kwa moto wa jikoni.

Jicho halioni dawa, ulimi hauonji sumukuvu. Uhuru wa kuchagua usichoweza kukitambua ni uhuru wa jina tu. Hapo ndipo sheria inapopata uhalali wake: katika kupima, katika kumkagua ng'ombe, na katika kumwajibisha muuzaji.

SHERIA IJE NA KIPIMO

Hata hivyo, namna ya kuitekeleza sheria ni jambo kubwa. Kumwaga madumu ya mchuuzi barabarani hakumfundishi usafi. Kunamfundisha kupita vichochoroni. Nchini Kenya wachuuzi walifukuzwa kwa miaka mingi, lakini biashara haikufa. Kuanzia takriban mwaka 2004 mwelekeo ulianza kubadilika, wachuuzi wakapewa mafunzo, wakafundishwa kutumia vyombo vya chuma badala ya madumu ya plastiki yasiyosafishika vizuri, na wakapewa leseni. Nasi tungefaidika kama mchuuzi wa Bombambili angesajiliwa kwa gharama anayoiweza, na kama kipimo cha maziwa kingekuwa karibu naye kabla ya mgambo.

Wewe nawe, mnunuzi, una wajibu wako. Muulize jirani yako bila haya: ng'ombe amepimwa lini? Amechomwa sindano wiki hii? Pumba unazihifadhi wapi? Mfugaji mwema hatakasirika, bali atafurahi kupata mteja anayejali. Na ukigundua maziwa yana kasoro, toa taarifa kwa afisa mifugo au afisa afya wa kata yako badala ya kunung'unika jikoni.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kesho alfajiri kengele ya baiskeli italia tena. Nunua maziwa ya jirani ukitaka, ni haki yako. Uliza maswali yako mlangoni, washa jiko, uyachemshe hadi yainuke, ndipo umwite mtoto aje anywe.