Mlembe: Silika au Elimu?

Mlembe ni ndege mdogo apendaye nta na majana ya nyuki, lakini peke yake hawezi kupasua mti wala kuwashinda nyuki. Kwa hiyo humwita mrina asali kwa mlio maalumu na kumtangulia mti hadi mti. Mtu hupata asali, ndege hubakiwa na masega.

Je, hiyo ni silika tupu? Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wahadzabe wa Tanzania humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Katika vilima vya Kidero, nchini kwetu, uwezekano wa mlembe kuuitikia mluzi wa Kihadzabe ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa kuuitikia mwito wa Kiyao. Huko Niassa mambo yalikuwa kinyume.

Tukumbuke kwamba mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, wala halei makinda yake. Basi maana ya mwito hakufunzwa na wazazi. Yaelekea huipata kwa kuishi karibu na watu. Watu wakiacha kumwita, elimu hiyo nayo itatoweka.

Mwalimu wa Iyula, wilayani Mbozi, na awatume wanafunzi wake kuwauliza wazee: je, warina asali wa hapa walimwitaje mlembe?