KIJITI CHA MEMORI KISIWE DENI LA KARANI



Katika maduka ya kupiga chapa na kutoa kopi, katika ofisi za shule na za vikundi vya akiba, tangu Ruharo mjini Mbarara mpaka Base Camp ya Nakivale, kompyuta nyingi za mezani tunazofanyia kazi si mpya. Zilifanya kazi miaka mingi katika maofisi ya ng'ambo, zikafutwa vumbi, zikauzwa tena. Hatuzidharau hata kidogo, maana zimewapa watu ajira. Lakini mashine hizo sasa zinakwenda polepole, na zinapokwenda polepole wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyekaa mbele yake. Wateja wamepanga foleni, barua haifunguki, na tajiri anauliza kwa nini kazi haiishi.

Hatimaye tajiri anakata shauri: "Nenda Mbarara ukanunue ramu." Anatoa fedha, maelezo hatoi. Taabu yote huanzia hapo.

Tuseme karani wa Nakivale ameondoka asubuhi, amepanda bodaboda na taksi, amefika mjini, amenunua kijiti alichoonyeshwa na kurudi nacho jioni. Hakiingii. Au kinaingia, lakini mashine inalia na kioo kinabaki cheusi. Nauli imekwenda na siku imekwenda. Muuzaji anasema mali ikishafunguliwa hairudishwi, na mwisho wa mwezi fedha inakatwa katika mshahara. Kwa mwenzetu wa Ruharo, kule kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na hospitali ya macho, kosa kama hilo huenda likamgharimu saa moja. Kwa mwenzake wa Nakivale ni siku nzima, pengine na posho ya wiki. Kwa hiyo twasema wazi tangu mwanzo: memori huchaguliwa mbele ya mashine yenyewe, kabla ya safari. Ukifika kaunta hujui unachotaka, atakayekuchagulia ni muuzaji.

JE, KWELI NI MEMORI?

Kabla ya kununua chochote, mashine ichunguzwe. Kwenye Windows 10 bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua ukurasa unaoonyesha utendaji wa mashine. Fungua kazi zako zote za kila siku, kisha tazama. Ikiwa memori inakaribia kujaa, basi nyongeza itasaidia. Lakini ikiwa memori imefika nusu tu na diski ndiyo inayoonyesha asilimia 100 kila mara, ugonjwa uko kwenye diski. Diski ya zamani inayozunguka ikibadilishwa kwa diski ya SSD, mashine hupata uhai ambao memori peke yake isingeupa. Mafundi wengi hawalisemi jambo hili kwa sababu hawakuulizwa.

Ukurasa huohuo hukuonyesha mambo mengine: memori iliyomo ni kiasi gani, ina kasi gani, na nafasi ngapi kati ya zilizopo zimetumika. Yaandike kwenye karatasi. Wanaotumia Linux waandike amri ya sudo dmidecode -t memory, nayo itawapa habari hizo, mara nyingi pamoja na kiasi cha juu ambacho mashine inaweza kupokea.

Tazama pia kama Windows iliyomo ni ya biti 32. Ikiwa ndivyo, haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na aghalabu huona kama 3 na kitu tu. Ukiweka 8 humo umenunua 4 za kukaa bure. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi za mashine hizi kuukuu hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Tajiri ayajue haya kabla ya kutoa fedha, kwani memori mpya haiondoi tatizo hilo.

VIZAZI HAVICHANGANYIKI

Memori za mezani zimekuja kwa vizazi: DDR, DDR2, DDR3, DDR4 na sasa DDR5. Kila kizazi kina umeme wake. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, kwa kawaida hutengenezwa kwa kizazi kimoja tu. Hakuna kigeuzio, na hakuna ufundi wa kulazimisha.

Linalowadanganya watu ni umbo. DDR2 na DDR3 zina urefu uleule, na zote zina meno 240. Ukiziweka mezani bila miwani utadhani ni mapacha. Tofauti iko kwenye lile pengo dogo katikati ya meno, ambalo halikai mahali pamoja. Pengo hilo limewekwa makusudi ili kijiti kisicho chake kisiingie. Basi kijiti kikikataa usikisukume kwa kiganja, maana utavunja tundu, na tundu halina kipuri.

Jina la mashine nalo halitoshi. Chukua Dell OptiPlex 760 na OptiPlex 780. Ni ndugu waliofuatana, wanafanana kwa sura, na wote huendeshwa na prosesa za Core 2. Lakini 760 hutumia DDR2, na 780 hutumia DDR3. Upande wa HP hali ni hiyohiyo: Compaq dc7900 ni DDR2, na 8000 Elite iliyoifuata ni DDR3. Karani akifika dukani na kusema "nataka ramu ya Dell ile nyeusi," amesema neno ambalo lina majibu mengi. Namba kamili ya mashine iandikwe kama ilivyo kwenye kasha, pamoja na ukubwa wa kasha, kwa kuwa jina moja huweza kuwa na kasha kubwa na dogo. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ina nafasi 4 na hupokea hadi gigabaiti 32 za DDR3, lakini ile ndogo kabisa ina nafasi 2 tu. Na ziko kompyuta ndogo za mezani zinazotumia vijiti vifupi kama vya kompyuta za mkononi. Fungua kasha uone kwa macho.

KARATASI YA KWENYE KIJITI

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuzima mashine, kutoa kijiti kimoja kilichomo na kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Tuseme imeandikwa 2GB 2Rx8 PC3-10600U. Haya si maandishi ya urembo. 2GB ni kiasi. PC3 ni kizazi, yaani DDR3. Ingekuwa PC2 ingekuwa DDR2. 10600 ni kasi, nayo ni ileile ambayo wengine huiita 1333. Ukikuta 12800, hiyo ni 1600. Kijiti chenye kasi zaidi kwa kawaida hukubali kupunguza mwendo na kwenda sawa na mwenzake, kwa hiyo kasi isikutie hofu sana. Ukiona PC3L, maana yake kinaweza kutumia umeme mdogo wa volti 1.35, na kwa kawaida hufanya kazi pia kwenye mashine ya volti 1.5.

Ile herufi ya mwisho ndiyo yenye hila. U ni memori ya kawaida ya mezani. S ni ya kompyuta za mkononi. R ni ya seva, yaani zile mashine kubwa za mabenki na makampuni ya simu. Memori ya R ya DDR3 ina meno 240 na pengo mahali palepale kama ya U, hivyo inaingia vizuri kabisa kwenye kompyuta yako ya mezani, lakini mashine haiwaki. Seva zinapostaafishwa, memori zake hutolewa kwa wingi na kuuzwa rahisi. Ukiona gigabaiti 8 kwa bei ya 2, geuza kijiti usome herufi kabla ya kumshukuru Mungu.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na hata mafundi hodari umewashika. Mashine za DDR3 za wakati wa Core 2, kama hiyo OptiPlex 780, haziwezi kusoma chipu zenye ujazo mkubwa zilizotengenezwa baadaye. Kijiti cha gigabaiti 4 kinaweza kutengenezwa kwa chipu nyeusi 16, nane kila upande, au kwa chipu 8 kubwa zaidi. Cha kwanza huandikwa 2Rx8, cha pili 1Rx8. Vyote ni DDR3, vyote ni U, na kasi yaweza kuwa ileile. Mashine ya zamani itakubali cha kwanza na kukataa cha pili. Na mara nyingi kile cha chipu 8 ndicho kipya na kinachong'aa. Kwa mashine hizi, hesabu chipu kwa kidole. Upande wa DDR2 nako kuna vijiti vya gigabaiti 4 vinavyouzwa rahisi vikiwa na maandishi kwamba ni vya AMD. Kama prosesa yako ni ya Intel, viache.

Zikiwepo nafasi za kutosha, nunua viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, uviweke kwenye matundu ya rangi moja kama rangi zimewekwa. Mashine husoma viwili kwa pamoja na kwenda upesi kidogo.

DUKANI NA MEZANI

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vikubwa vilielekeza nguvu zao kwenye memori za mitambo ya akili mnemba. Kijiti kilichotumika kinapata wanunuzi zaidi bei zinapokuwa hivyo, na mwenye hila naye hupata nafasi. Nenda na kijiti chako cha zamani, kimefungwa vizuri, ukilinganishe na kile unachouziwa. Mwombe muuzaji akijaribu kwenye mashine mbele yako. Kujaribiwa dukani hakuthibitishi kwamba kitaelewana na mashine yako, lakini kunathibitisha kwamba ni kizima. Halafu dai risiti iliyoandikwa maneno yote ya kwenye karatasi ya kijiti, na siku ambazo muuzaji anakubali kukibadilisha. Risiti iliyoandikwa "ramu 1" haimsaidii mtu.

Wakati wa kuweka, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Shika kijiti pembeni, usiguse meno. Kama nafasi ina vumbi la barabara, nasi wa huku twalijua vumbi hilo, lifagie kwa brashi laini na kavu. Meno yaliyofifia husafishwa kwa ufutio wa penseli. Sukuma mpaka vishikio vifunge kwa mlio. Kama mashine haiwaki, usiseme upesi kwamba kijiti ni kibovu. Kitoe, ukirudishe, kisha jaribu kimoja kimoja. Kwenye mashine nyingi za ofisi za HP za miaka ile, taa nyekundu ikimeta mara 5 pamoja na milio 5, mashine inalalamikia memori. Ikishawaka, iache usiku mmoja na programu ya Memtest86+, ambayo hutolewa bure.

MSHAHARA SI MFUKO WA VIPURI

Sasa tufike kwenye jambo linalokihusu Chama moja kwa moja. Kompyuta ni mali ya tajiri. Kipuri chake ni gharama ya biashara, kama vile karatasi na wino. Karani aliyetumwa bila maelezo, akanunua kwa nia njema, hakuiba wala hakuharibu kwa kusudi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema makato ya mshahara yafanywe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, au makubaliano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nayo imeweka mipaka ya makato. Tajiri hakati kwa kuwa amekasirika.

Wenzetu wakimbizi wasidhani kwamba haya hayawahusu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki yao ya kufanya kazi, na mtu anayefanya kazi ana mshahara wa kulindwa. Anayeogopa kudai kwa kuwa ni mgeni ndiye anayekatwa kwanza.

Lakini dai bila maandishi ni kelele. Kabla ya kuondoka, andika kwenye daftari: namba ya mashine, aina ya memori iliyomo, aina inayotakiwa, fedha uliyopewa pamoja na nauli. Tajiri atie sahihi. Kama anataka uende bila kuandika, mwambie kwa heshima kwamba achague mwenyewe au amtume fundi. Ukirudi, mpe risiti na ubaki na nakala. Ikitokea umekatwa, peleka daftari kwa katibu wa tawi lako, na pasipo na tawi, kwa Ofisa Kazi wa wilaya.

Kijiti cha zamani kilichotolewa nacho ni mali ya tajiri. Mkabidhi kwa sahihi hata kama ni cha gigabaiti 1, maana kesho atakikumbuka. Na ile karatasi yenye aina ya memori ibandikwe ndani ya mlango wa kasha, atakapokuja karani mwingine aikute.